Mzee wa Kukodi

Wiki jana mliniacha mlangoni mwa darasa, nimemshika mzee kwapani, na bosi wangu ananiuliza huyu ni nani. Kwa ambaye hakuwepo nitarudia kwa kifupi, na aibu yangu ni ile ile.

Mimi hufundisha wahudumu wa wazee, wale wanaokwenda kulala humo humo kwa mteja, wamwamshe mzee, wamwogeshe, wamlishe, wamgeuze. Kazi yenyewe niliipata kwa mdomo. Nilijinadi kwamba nimezunguka majumba ya watu nikihudumia wagonjwa. Kumbe mgonjwa pekee niliyewahi kumwona kwa karibu alikuwa baba yangu, nikiwa mtoto, na aliyemhudumia ni marehemu mama. Mimi nilishika beseni.

Kisha kiharusi kikampiga baba upande wa kushoto. Kaka yangu akamleta kwangu, yeye na begi lake, akasema, "Wewe si ndiye mtaalamu?" Akaondoka bila hata kuvua viatu.

Nimepanga chumba kimoja. Kazini naingia asubuhi, natoka jioni, na wa kumwachia baba sikuwa naye, ndipo nikaja naye darasani. Na bosi ana sharti ambalo halilegezi kwa mtu: mwenye mgonjwa nyumbani kwake hamwajiri, awe mhudumu, awe mwalimu, awe mpishi. Anasema mtu wa namna hiyo mwili uko kazini, roho iko kwake. Nilimwona akimwachisha kazi dada mmoja kwa sababu hiyo hiyo, na umbea wa kwamba dada yule ana mama mgonjwa ni mimi niliyeupeleka.

Kwa hiyo asubuhi ile, bosi alipouliza, nilijibu bila kupepesa macho.

"Ni mzee wa mazoezi. Nimemkodi."

Baba alikuwa ameniegemea begani. Nilisikia mwili wake ukiwa mzito kidogo, kama mtu aliyeongezewa mzigo njiani, halafu akajiweka sawa.

Bosi alifurahi mno. Mpaka siku ile wanafunzi walikuwa wakijifunzia kwa mwanasesere wa plastiki ambaye mkono wake mmoja ulichomoka kila akigeuzwa. Wameshauzoea, wanauchomeka tena huku wanaendelea na hadithi zao, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa bibi wa mteja.

"Akili hiyo ulikuwa umeificha wapi?" bosi akaniuliza, akaingia ofisini kwake anacheka.

Tukabaki wawili kwenye korido, mimi na baba. Maneno yake siku hizi hutokea upande mmoja wa mdomo, lakini hutoka kamili.

"Nikuite nani?" akauliza.

"Niite mwalimu, baba. Mbele yao tu."

"Sawa, mwalimu."

Jioni nilipomrudisha chumbani kwangu nilimwambia sasa tuko wenyewe, anaweza kuniita mwanangu kama zamani. Akatikisa kichwa. Akasema bora azoee, asije akateleza mbele za watu. Tangu siku ile sikusikia tena neno mwanangu mdomoni mwake, wala sikuwa na uso wa kumwomba alirudishe.

Darasani akawa hodari kuliko sisi sote. Ukimshika vibaya anaguna. Ukimgeuza bila kumwambia anakaza mwili mpaka umwambie. Wanafunzi wakampa jina, Babu Mazoezi, na kila asubuhi wanapanga foleni kumwamkia. Na mimi napanga nao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Umeamkaje?"

Nimeamkaje, na tumeamka chumba kimoja, na mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati.

Sasa nisikilizeni nilivyokuwa nikifundisha. Naegemea kitanda alicholala baba yangu mzazi, nanyanyua kidole, nasema, "Mzee wa mteja mhudumie kama baba yako mzazi." Wanafunzi wanaitikia. Baba anaangalia dari.

Na kwa kuwa sikuwahi kuhudumia mtu, mifano yangu yote niliiokota nyumbani kwetu. Mama alivyomgeuza baba kwa kushika bega na goti, nikasema ndivyo nilivyokuwa nikimgeuza mteja wangu fulani. Baba alivyochomwa sindano ya penisilini enzi hizo, uso ukavimba, macho yakafunga, pumzi ikakata, mama akapiga kelele mtaa mzima, nikaisimulia darasani kama kisa cha mgonjwa wangu mmoja tajiri. Nilisimulia vizuri mpaka wengine wakashika midomo. Baba naye alisikiliza kama anaisikia kwa mara ya kwanza.

Lakini somo langu nililolipenda kuliko yote lilikuwa moja. "Mhudumu hasemi sijui," niliwaambia. "Mteja akikuuliza, daktari akikuuliza, jibu haraka, jibu umenyooka. Sijui inafukuzisha watu kazi."

Lile somo nililitoa moyoni. Ndilo lililoniweka mjini.

Katika darasa hilo alikuwepo dada mmoja tuliyemwita Redio. Hakujizima tangu kunakucha. Mikono yake ilikuwa ya kawaida tu. Alisahau kufunga breki za kiti cha magurudumu, akamwaga maji ya kuogea, akavaa glovu kinyume. Lakini alikuwa anaongea na mzee huku anafanya kazi, anamweleza ugomvi wa majirani na bei za sokoni, na baba, ambaye kwangu alikuwa amenyamaza, alianza kumjibu.

Redio hakuwa mgeni. Alikuwa ametoroka kwa mteja, akarudi kuomba nafasi nyingine.

Na utoro ndio uliokuwa ugonjwa wa kampuni yetu. Tunafundisha watu, tunawapa sare, tunawapeleka, na kabla mwezi haujageuka mteja anapiga simu: chumba cha mhudumu kitupu, sare imekunjwa vizuri juu ya kitanda. Bosi aliniita, akanitazama juu mpaka chini.

"Wanatukimbia kama tuna upele. Unawafundisha kuhudumia au unawafundisha kukimbia?"

Nikamwambia ni wavivu. Ndilo jibu lililokuwa karibu.

Bosi hakuridhika. Akafikiri, akaja na wazo ambalo hata leo sijui nililaani au nilishukuru. Nyuma ya darasa kulikuwa na chumba cha stoo chenye bafu lake. Akakipaka rangi, akaweka kitanda cha mgonjwa na godoro la mhudumu, akafunga na vyuma vya kushikia bafuni. Babu Mazoezi ahamie humo moja kwa moja, akasema. Kila mhudumu, kabla hajapelekwa kwa mteja, alale humo na mzee, ajaribiwe. Atakayemkimbia mzee huyu, mteja hatamwona. Na wa kwanza awe Redio, maana yeye kukimbia anakujua.

Kisha akanigeukia. "Familia yake haitakuwa na neno?"

"Haina neno," nilisema.

"Mzee mwenyewe?"

Ikabidi nimuulize, mbele ya bosi, baba yangu kama anakubali kuhamia kile chumba cha stoo. Akasema mwalimu akiona sawa, ni sawa.

Begi lake nililibeba mwenyewe. Siku ile nilirudi kwangu nikajitupa kitandani, kitanda ambacho tangu aje nilikuwa nimemwachia yeye, nikalala usingizi mzito kama wa mtoto. Nilipoamka ndipo aibu ikanikalia kifuani, kwa sababu nilikuwa nimelala vizuri.

Redio hakukimbia. Siku zikapita, sare iko mwilini. Bosi akaanza kutamba kwa wateja kwamba amepata dawa ya utoro.

Mchana mmoja nikamkuta Redio uani anaanika mashuka. Nikashika ncha moja ya shuka, yeye akashika nyingine, tukakunguta. Nikamuuliza kule kwa mteja alikimbia nini, kama alipigwa, kama alinyimwa chakula.

"Hapana mwalimu, walikuwa watu wazuri," alisema. "Nilikuwa nakula mezani nao. Shida ilikuwa mtoto wa yule bibi. Alikuwa anakaa mtaa wa pili tu. Kila siku ananipigia simu mimi. Mama amekula? Mama amelala? Nikimwambia ongea naye mwenyewe, anasema ana haraka. Bibi ananitazama, anasikia sauti ya mwanawe kwenye simu yangu. Halafu simu inakatwa, ananigeukia mimi. Mwalimu, kumwogesha mtu siyo kazi. Kazi ni kumjibu anapouliza mwanangu kasemaje."

Nikaendelea kukunguta shuka ambalo lilikuwa halina tena cha kukungutwa.

"Mnatufundisha kuwabeba wazee," akasema. "Hakuna anayetufundisha kuwabeba na watoto wao. Ndiyo maana watu wanakimbia."

Nikajifanya nimekumbuka kitu ndani. Akaniita.

"Na huyu babu ana watoto."

"Nani kakwambia? Yeye mwenyewe anasema hana mtu."

"Anasema, ndiyo. Lakini wazee ambao hawana mtu huwa wanalalamika, mwalimu. Wanalalamikia serikali, majirani, mpaka hali ya hewa. Huyu halalamikii kitu. Kuna mtu ambaye yeye anamlinda."

Nilisema lazima nipange viti darasani. Viti vilikuwa vimepangwa.

Basi, ndugu msomaji, ungetegemea maneno yale yaninyooshe. Yalininyoosha nusu. Nilianza kwenda kumwona baba kwa kujiiba, Jumapili, siku ya mapumziko ya Redio. Mhudumu wa zamu ya siku hiyo nilimwambia akapumzike, mimi nitakaa na mzee. Huo nao ulikuwa mwiko wa kampuni: mwalimu hashiki zamu. Lakini nani angejua, ofisi imefungwa.

Jumapili ya kwanza nilimfagilia chumba. Ya pili nilimkata kucha. Ya tatu nilimletea supu.

Nilimkalisha, nikamwekea mito mgongoni, nikaanza kumlisha kwa upande wa mdomo ulio mzima, kijiko kidogo kidogo, kama ninavyofundisha. Akala vizuri. Akaniambia supu ina chumvi ya mama yako. Alisema hivyo hivyo, mama yako. Nikaweka kijiko chini nikalia, sikuweza kujizuia.

"Baba, nimechoka na jambo hili," nikamwambia. "Kesho nitamwambia bosi."

"Ukimwambia utakula nini?"

"Sijui."

Akacheka upande mmoja. "Mhudumu hasemi sijui," akasema.

Nikacheka na mimi, machozi yananitoka. Nikachota kijiko kingine, nikamwekea mdomoni. Na hapo hapo nikasikia gari la bosi linaingia uani.

Nilichofanya nitakisema kama kilivyokuwa. Nilivuta mito. Nikamlaza chali baba yangu, chakula kiko mdomoni, nikamfunika shuka, nikabeba bakuli nikatokea mlango wa nyuma. Kitu cha kwanza ninachomfundisha kila anayekanyaga darasa lile ni kwamba mtu wa kiharusi halazwi na chakula mdomoni. Nimekisema mpaka mwanasesere anakijua.

Nyuma ya ukuta nikamsikia anakohoa. Bosi alikuwa amefuata miwani yake ofisini, akaichukua akaondoka, hakuingia hata chumbani. Niliporudi ndani baba alikuwa amejigeuza ubavu kwa mkono ule mmoja, anahema, shuka limelowa. Nikamfuta, nikambadilisha, nikambembeleza aseme kama yuko sawa. Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake hakwenda darasani. Keshokutwa homa ikapanda, kifua kikawa kinakoroma. Redio akanifuata ofisini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na maneno mengi. Alisema babu kapaliwa na chakula, lazima ni yeye, lazima asubuhi ile ya Jumatatu alimlisha kwa haraka, hakumkalisha vizuri. Alikuwa anajipiga paja.

"Nimemuua babu wa watu, mwalimu."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimwambia yanatokea. Sikumwambia kwamba siyo yeye. Naomba msome tena sentensi hiyo, maana mimi huisoma kila siku.

Tukampakia gari la bosi, mimi, Redio na bosi mwenyewe kwenye usukani, analalamika njia nzima kwamba mzee akifa mikononi mwa kampuni hakuna mteja atakayetuachia hata paka.

Hospitali wakampokea mbio. Wakamvalisha kinyago cha hewa usoni. Daktari, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, akampima kifua, akamuuliza maswali mawili matatu. Baba akamtazama tu, pumzi yote inaishia kwenye kinyago. Daktari akatugeukia sisi watatu.

"Mapafu yameshika, ni nimonia. Analazwa. Nani ndugu yake?"

Bosi akanitazama. "Mwalimu, ulimkodi kwa nani huyu mzee?"

Nikasema kwa jamaa fulani, wamehama, simu hawapokei. Uongo ukianza kutoka, unatoka umevaa kabisa.

"Mimi namtaka ndugu," daktari akasema. "Wa kukaa hapa, anijibie maswali, nimweleze ukweli. Siyo mwajiri, siyo jamaa fulani." Akaninyooshea kalamu mimi, kwa sababu nilikuwa nimemshika mzee mguu bila kujua. "Wewe ni nani wake?"

Chumba kikawa kidogo. Bosi yuko kushoto kwangu. Baba yuko mbele yangu, macho wazi juu ya kile kinyago.

"Mimi ni mwalimu," nikasema. "Mwalimu wa mazoezi."

Nikaona baba anafumba macho polepole, kama mtu aliyeambiwa sasa lala.

"Basi mzee huyu hana mtu?" daktari akauliza.

"Ana mtu," Redio akasema. Alikuwa amesimama karibu na mlango, sare yake ina madoa ya dawa. Akaja akasimama kichwani mwa kitanda. "Mimi ni mwanawe."

Bosi akataka kusema kitu, akakimeza. Nilimwona anapiga hesabu yake kichwani: mzee kapata mtu, kampuni imesalimika, maswali yameisha. Na mimi nikasema moyoni ahsante Redio, na papo hapo nikatamani sakafu ile inimeze.

Daktari akamsogelea. "Ametapika? Ana sukari? Ana presha? Kuna dawa yoyote inayomdhuru, yoyote iliyowahi kumkataa?"

Redio akajibu haraka, amenyooka, kidevu juu, kama nilivyomfundisha.

"Hana. Hakuna dawa inayomkataa."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Daktari akamwambia muuguzi alete penisilini.

Msomaji, kuna watu wanaoweza kusema hawakuwa na muda wa kufikiri. Mimi nilikuwa nao. Muuguzi alitoka, akaenda mpaka kabati la korido, akarudi. Njia yote hiyo niliyasikia makandambili yake. Nilikuwa namwona baba amevimba uso, namwona mama anapiga kelele, najiona mimi na beseni. Na bado kuna sehemu yangu ndogo, chafu, iliyokuwa inatafuta namna ya kumzuia muuguzi bila bosi kujua. Nilifikiria kuangusha trei. Nilifikiria kuzimia.

Muuguzi akavuta dawa, akapangusa mkono wa baba kwa pamba.

"Asichomwe hiyo," nikasema.

Hakusikia.

"Asichomwe. Penisilini itamuua."

Mkono wa muuguzi ukasimama. Daktari akageuka. Lakini aliyenipata vizuri ni bosi, ambaye hajawahi kupitwa na jambo lenye faida au hasara.

"Wewe umejuaje?" akauliza.

Hapo mkono wa baba, ule mzima, ukapanda kutoka kwenye shuka, ukashika kinyago, ukakivuta chini. Muuguzi akataka kumzuia, baba akamsukuma.

"Nilimwambia mimi," baba akasema. Kila neno lilimgharimu pumzi. "Siku ya kwanza. Nilimwambia. Mwalimu hanijui."

Alikuwa ananiokoa. Amelala pale na mapafu niliyomjazia supu mwenyewe, na pumzi iliyobaki anaitumia kunifungulia mlango nitoke. Na mlango ulikuwa wazi kweli. Bosi alishaanza kuitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa.

Daktari hakuitikia. Akamtazama Redio.

"Wewe binti, ni mtoto gani asiyejua jambo kama hilo? Umesema una uhakika. Ningemchoma." Akatutazama mmoja mmoja. "Mnanichezea na mtu anakufa. Nitauliza mara moja, halafu nitaita mlinzi. Mzee, mwanao ni yupi hapa?"

Baba akanitazama. Tangu aje kwangu na begi lake hakuwa amenitazama muda mrefu hivyo. Kisha akanyanyua kidole, kikapita mbele yangu, kikasimama kwa Redio.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye mwanangu."

Neno lile nililolikosa tangu korido, alilitoa, akampa mwingine, kwa ajili yangu.

Muuguzi akamrudishia kinyago. Bosi akashusha pumzi na kuanza kutafuta funguo za gari. Daktari akamwambia Redio basi akae kwenye kiti cha ndugu kando ya kitanda, kisha akamwagiza muuguzi abadilishe dawa. Yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimebaki na kazi yangu, na jina langu, na siri yangu yote nzima.

Redio hakukaa. Alikuwa ananitazama, na nikaona kitu kinapita usoni mwake taratibu, kinajipanga.

"Mwalimu," akasema. "Yule mgonjwa wako tajiri uliyetusimulia. Aliyevimba uso kwa sindano."

Nikainama kunyoosha shuka la baba miguuni.

"Sindano gani ile, mwalimu?" Hakungoja jibu. "Jumapili niliporudi nilikuta shuka la babu limebadilishwa, na dada wa zamu akasema hakuwepo, ulimpumzisha wewe. Lakini nikajua ni mimi niliyemlisha vibaya Jumatatu, kwa sababu hukusema kuna mwingine wa kulaumiwa." Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya kila siku. Akainama, akaushika mkono wa baba, akaurudisha taratibu juu ya shuka. "Babu, nisamehe, mimi sikai kwenye hiki kiti. Kina mwenyewe."

Kisha akavua beji ya kampuni kifuani, akaiweka kitandani karibu na mguu wa baba, vile vile wanavyoacha sare wanapotukimbia.

"Sema wewe, mwalimu," akasema, "au niseme mimi."

Bosi akasimama na funguo mkononi.

"Aseme nini?" akauliza.